Abdullahi Qarshe: Mzaliwa wa Moshi aliyeasisi nyimbo za ujana wa wazee wa Garissa

WAZEE wa Garissa, Wajir na Mandera ambao ujana wao uliangukia miaka ya sitini na sabini wana nyimbo zao, na wengi wao hawakuzisikia ukumbini wala kwenye dansi. Walizisikia usiku, kupitia redio ndogo ya betri iliyowekwa juu ya mkeka nje ya nyumba, sauti ikija na kupotea kwa kadiri mawimbi yalivyopenda.

Watoto wao, ambao leo nao wana watoto, huziita qaraami na kuzitafuta katika simu zao wanapowakumbuka wazazi. Kwao ni nyimbo za mapenzi, za polepole, zinazopigwa kwa udi. Kwa wazazi wenyewe zilikuwa na uzito mwingine, na ili kuuelewa uzito huo hapana budi kurejea katika maisha ya mtu mmoja ambaye Wasomali humtaja kuwa baba wa muziki wao wa kisasa, marehemu Abdullahi Qarshe.

Wasomaji wengi wa Kiswahili huenda wakashangaa kusikia kwamba Qarshe hakuzaliwa Hargeisa wala Mogadishu. Alizaliwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka wa 1924, Tanganyika ilipokuwa mikononi mwa Waingereza.

Jamaa zake walikuwa miongoni mwa Wasomali wa kutoka upande wa Ghuba ya Aden waliotawanyika kote Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Baadhi yao walikuja wakiwa askari, wengine mabaharia, wengine wafanyabiashara ya mifugo. Vizazi vyao vingali Isiolo na Nairobi hadi leo.

Familia iliondoka Tanganyika Qarshe akiwa bado mtoto, na sehemu kubwa ya ujana wake ikapita Aden. Bandari hiyo ndiyo iliyoyafunza masikio yake. Waarabu walipiga udi, ala ile ile ambayo watu wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaijua kupitia taarab. Majumba ya sinema yalionyesha filamu za Kihindi zilizojaa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Nyimbo za Kiingereza nazo zilisikika. Kijana huyo akaanza kujiuliza ni kwa nini Wasomali, watu wanaojivunia ushairi kuliko karibu kitu kingine chochote, hawakuwa na nyimbo za lugha yao zilizosindikizwa na ala za namna hiyo.

Halikuwa swali dogo. Ushairi wa Kisomali ulikuwa na sheria zake kali za vina na mizani, na ulighaniwa kwa sauti tupu. Katika ngoma palikuwa na makofi, vishindo vya miguu na ngoma yenyewe. Udi, kwa upande wake, ulitazamwa na wengi wa watu wa dini kuwa chombo cha upuuzi kinachomsahaulisha mtu ibada. Aliyeubeba hadharani alijua kwamba atasemwa.

Katikati ya miaka ya arobaini Qarshe alivuka bahari na kuingia Hargeisa, makao makuu ya Somalia ya Waingereza. Alifika wakati mwafaka, kwani mambo yalikuwa yameanza kubadilika bila yeye.

Aliyekuwa ameyabadilisha alikuwa dereva wa lori. Abdi Deqsi Warfa, ambaye watu walimwita Abdi Sinimo, alikuwa akisafirisha mizigo katika barabara mbovu za kuelekea Borama na Djibouti. Inasimuliwa kwamba lori lake liliharibika njiani, na katika kungoja kwake akatunga beti fupi za mapenzi ambazo ziliitwa balwo. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno letu balaa. Masheikh walilichukulia jina hilo kwa maana yake kamili na kuzikemea nyimbo hizo vikali. Vijana wa mijini nao walizipenda, pengine zaidi kwa sababu zilikemewa. Beti hizo zilirefushwa baadaye na kuzaa aina ya wimbo iitwayo heello.

Huo ndio mlango ambao Qarshe aliingilia. Yeye alileta udi, kisha gitaa na piano, akautunga muziki wa kuyabeba maneno ya Kisomali. Wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa namna hiyo aliutunga mwaka wa 1948, na haukuwa wa mapenzi. Ulikuwa wito kwa watu wake waamke. Mwaka huo mataifa makubwa yalikuwa yamemtuma mjumbe baada ya mjumbe kujadili nani atazitawala nchi za Wasomali, na Waingereza walikuwa wakiikabidhi Ethiopia sehemu ya Ogaden.

Tangu hapo mapenzi na siasa havikutengana katika nyimbo hizo. Mtunzi angeweza kumlilia mpenzi aliyechukuliwa na mtu mwingine, na kila msikilizaji akatambua kwamba kilichochukuliwa ni ardhi. Mzungu aliyekaa ofisini kukagua vipindi alisikia wimbo wa huba. Mfugaji aliyekaa kando ya moto alisikia habari kamili. Ni ustadi ambao Waswahili, wenye mazoea ya mafumbo ya taarab, hawahitaji kuelezwa sana.

Redio ya Hargeisa, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka wa 1943 wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndiyo iliyozichukua nyimbo hizo na kuzitawanya. Hapo Qarshe alifanya kazi, akatunga na kuwafunza wengine. Mwaka wa 1955 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Walaalo Hargeysa, yaani ndugu wa Hargeisa, lililochanganya muziki na michezo ya kuigiza. Waingereza walikuwa wamekubali mwaka uliotangulia kuirudishia Ethiopia malisho ya Haud, na hasira ya watu ilipata sauti katika nyimbo za kundi hilo.

Hakuishia kwa mambo ya Wasomali pekee. Patrice Lumumba alipouawa Januari 1961 huko Katanga, Qarshe alimtungia wimbo wa maombolezo ambao bado unakumbukwa. Alitunga pia kuhusu elimu, akiufananisha ujinga na giza.

Lakini wimbo uliomfanya asisahaulike ni ule wa bendera, Qolobaa Calankeed, ambao uliimbwa wakati wa uhuru mwaka wa 1960. Juni 26 mwaka huo bendera ya Uingereza iliteremshwa Hargeisa, na Julai 1 eneo hilo likaungana na lile lililokuwa chini ya Italia kuwa Jamhuri ya Somalia. Wimbo wa Qarshe uliisifu bendera mpya ya samawati yenye nyota nyeupe.

Hapo ndipo habari ya msanii huyo inapoingia Garissa. Nyota ile ina ncha tano. Mbili zilisimama badala ya maeneo mawili yaliyoungana. Ya tatu ilikuwa Djibouti iliyotawaliwa na Ufaransa, ya nne Ogaden, na ya tano ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini nchini Kenya, ambayo Waingereza waliiita NFD, na ambayo ndani yake mlikuwa Garissa, Wajir na Mandera. Aliyeimba kuhusu nyota hiyo alikuwa akiimba, apende asipende, kuhusu mji uliokuwa kando ya Mto Tana.

Na watu wa huko walisikiliza. Walikuwa wamefungiwa kwa sheria tangu mwaka wa 1926, wasiweze kutoka wala kuingiliwa bila kibali. Gazeti la Nairobi halikuwafikia kwa urahisi na wengi hawakuwa na lugha ya kulisoma. Kisomali chenyewe hakikuwa na maandishi rasmi hadi Oktoba 1972. Habari, hoja na mashairi yalisafiri kwa mdomo na kwa mawimbi ya redio, na kwa sababu hiyo wimbo mmoja mzuri uliweza kufanya kazi ya magazeti kumi.

Mwishoni mwa 1962 tume iliyotumwa na serikali ya Uingereza ilizunguka wilaya hizo na kupata kwamba Wasomali karibu wote walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa. Machi 1963 ilitangazwa kuwa eneo hilo lingekuwa mkoa wa saba wa Kenya, Mogadishu ikavunja uhusiano na London, na kabla ya mwaka kwisha, wiki mbili tu baada ya uhuru wa Kenya, hali ya hatari ilitangazwa. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vya shifta, viliendelea hadi 1967. Watu na mifugo waliangamia, na wafugaji wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na wanajeshi.

Katika miaka hiyo redio haikuwa chombo cha burudani tupu. Mogadishu ilirusha matangazo ya kuwachochea watu wa NFD, na Nairobi nayo ikajibu kwa matangazo yake. Baina ya taarifa zilipigwa nyimbo. Kijana wa Garissa aliyetaka kusikia udi na sauti ya mwanamke akiimba habari za mapenzi alilazimika kufungua idhaa ile ile ambayo askari wa zamu aliihesabu kuwa ya adui. Si ajabu kwamba wazee wengi wanazikumbuka nyimbo hizo zikiwa za sauti ya chini.

Vita vilipokoma, mapatano ya Oktoba 28, 1967 yalitiwa sahihi Arusha na Rais Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia Mohamed Ibrahim Egal, mbele ya Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliyewapatanisha. Miongoni mwa mambo ambayo nchi hizo mbili zilikuwa zimekubaliana mwaka huo ni kukomesha propaganda za uhasama kupitia redio na magazeti. Arusha haiko mbali na Moshi. Mtoto aliyezaliwa huko miaka 43 iliyotangulia alikuwa ndiye mwasisi wa muziki ambao redio hizo ziliutumia kuwavuta wasikilizaji.

Miaka ya sabini ilileta utulivu kiasi, pamoja na kaseti. Kizazi kilichofuata nyayo za Qarshe kilikuwa kimekomaa: Halima Khalif Omar, aliyejulikana kama Magool, Mohamed Mooge, Hasan Adan Samatar na kundi kubwa la Waaberi la Mogadishu. Kaseti ilinakiliwa kwa kaseti nyingine hadi sauti ikawa kama inatoka chini ya maji, ikasafiri katika malori ya mifugo hadi Garissa na mtaa wa Eastleigh. Kwa vijana wa wakati huo huo ndio uliokuwa muziki wa harusi, wa safari na wa barua za siri.

Utulivu huo haukuwa wa kutegemewa. Novemba 1980 askari waliteketeza mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa, na Februari 1984 ukatokea unyama wa Wagalla huko Wajir. Kanuni za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Anayejiuliza kwa nini mzazi wake hunyamaza ghafla wimbo fulani unapopigwa aanze kutafuta jibu katika tarehe hizo.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1988 ndege za serikali ya Siad Barre ziliushambulia mji wa Hargeisa, ambako Qarshe alikuwa ameanzia kazi yake. Wafanyakazi wa redio walizika kanda za nyimbo ardhini ili zisiteketee, na nyingine zikavushwa hadi nchi jirani. Mwaka wa 1991 serikali yenyewe ikaanguka, na makundi ya wakimbizi yakaingia Kenya kupitia Liboi. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na mji mdogo wa Dadaab. Nchi iliyodai ncha ya tano ya nyota haikuwepo tena kuidai, na wananchi wake walikuwa wakitafuta hifadhi katika ardhi ile ile.

Qarshe aliyaona yote hayo. Mwaka wa 1994 alikuwa Djibouti, mzee wa miaka 70, na huko alihojiwa kwa kirefu kuhusu maisha yake tangu Moshi. Mwaka huo huo aliaga dunia. Bendera aliyoitungia wimbo wakati huo haikuwa na serikali ya kuipandisha, na Hargeisa ilikuwa imejitangazia uhuru wake ikiwa na bendera nyingine.

Kanda zilizozikwa zilifukuliwa baadaye. Maelfu kati yake yamehifadhiwa Hargeisa na wakfu wa Redsea, na mwaka wa 2017 kampuni ya Ostinato Records ya New York ilitoa mkusanyo wa nyimbo za enzi hizo ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nyingi ni za miaka ya sabini na themanini, za wale waliomfuata Qarshe.

Agosti 1, 2012, katiba mpya ya muda ilipopitishwa Mogadishu, Qolobaa Calankeed ulifanywa wimbo wa taifa la Somalia, miaka 18 baada ya kifo cha mtunzi wake. Tangu wakati huo, rais wa Somalia anapofanya ziara ya kiserikali jijini Nairobi, wimbo huo hupigwa na bendi ya jeshi la Kenya.