Rachel Carson: Mwanamke aliyeuliza dawa ya wadudu huenda wapi baada ya kuua

Kama unaishi mtaani, sauti hiyo unaijua. Mchuuzi anapita na kipaza sauti, rekodi inarudia yale yale kutwa nzima: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya. Unashuka ngazi, unatoa pesa kidogo, unapewa kichupa kisicho na lebo. Usiku unapulizia chini ya kitanda na nyuma ya jiko. Asubuhi mende wamelala chali. Umeshinda, sivyo?

Ngoja kwanza. Mende wamekufa, sawa. Lakini ile dawa yenyewe imeenda wapi?

Kuna mwanamke aliyeuliza swali hilo zaidi ya miaka 60 iliyopita. Aliitwa Rachel Carson, na alitumia miaka yake ya mwisho duniani kulitafutia jibu, huku saratani ikimla polepole. Ukisoma maisha yake, hutanunua kichupa kile tena bila kujiuliza.

Carson alizaliwa Mei 27, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Nyumbani hakukuwa na pesa. Kulikuwa na kishamba, msitu jirani, na mama aliyempeleka bintiye matembezini kutazama ndege na wadudu. Akiwa shule ya msingi, hadithi yake ilichapishwa katika jarida la watoto. Alijua mapema: yeye ni mwandishi.

Chuoni mjini Pittsburgh alianza na masomo ya Kiingereza, kisha akahamia bayolojia. Mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili katika somo la wanyama. Zilikuwa nyakati ngumu, kazi hakuna. Babake akafariki 1935, dadake akafuata 1937 na kuacha mabinti wawili. Rachel akawa ndiye wa kulisha nyumba nzima. Wewe uliye kifungua mimba na unatuma pesa nyumbani kila mwezi, hapo unamwelewa.

Alipata kibarua cha kuandika vipindi vya redio kuhusu samaki katika idara ya serikali ya uvuvi, kisha 1936 akaajiriwa huko kama mwanabayolojia. Mchana ofisi, usiku kuandika. Kitabu chake cha kwanza, cha 1941, hakikuuza, kwani Marekani iliingia vitani muda mfupi baada ya kutoka. Hakukata tamaa. Mwaka 1951 akatoa 'The Sea Around Us', kitabu kuhusu bahari, na kikalipuka. Kilikaa kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi kwa wiki 86. Akaacha kazi ya serikali, akajenga kijumba kando ya bahari. Angeweza kutulia hapo na kula jasho lake.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera tangu 1945. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kemikali iitwayo DDT ilitumiwa kuua chawa na mbu, na kweli iliokoa maisha ya watu wengi. Aliyegundua uwezo wake wa kuua wadudu alituzwa Nobel mwaka 1948. Vita vilipoisha, ikaingia madukani. Wakulima wakaimwaga mashambani, ndege zikainyunyiza juu ya miji, na akina mama wakaipulizia jikoni. Carson alikuwa ameliomba jarida moja kubwa limruhusu kuandika kuhusu madhara yake. Likamkatalia.

Mwaka 1958 rafiki yake mmoja katika jimbo la Massachusetts akamwandikia. Ndege ya serikali ilikuwa imenyunyiza dawa ya mbu juu ya eneo lao, na ndege wa porini waliokuwa wakija kwake wakafa. Kufikia hapo Carson akaona hakuna mwingine wa kuandika habari hii. Akajifungia na ripoti za kisayansi kwa miaka minne.

Alichokikuta huko ndicho unachopaswa kukielewa vizuri. DDT haiyeyuki kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hivyo kiumbe akiila, haitoki upesi kwa mkojo. Inakaa mwilini, ndani ya mafuta, inajilimbikiza. Anayemla kiumbe huyo anarithi deni lote.

Chukua mfano wa ziwa Clear Lake, California, alioueleza kwenye kitabu. Watu walisumbuliwa na vijidudu kama mbu wasiouma, wakamwaga majini DDD, binamu wa DDT. Walikuwa waangalifu: sehemu moja tu ya dawa kwa sehemu milioni 50 za maji. Viumbe vidogo vya majini vikaifyonza. Samaki wakala viumbe hivyo, ndege wa majini wakala samaki. Ndege hao walipoanza kufa na mafuta ya miili yao kupimwa, yalikuwa na sehemu 1,600 za dawa kwa kila milioni. Yaani mara 80,000 ya kilichowekwa majini. Hakuna aliyemlenga ndege. Dawa ilipanda yenyewe, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine.

Na mwisho wa mnyororo huo ni nani? Ni wewe unayekula samaki.

Carson hakuishia ziwani. Sura nzima aliitenga kwa nyumba na bustani. Alishangaa kwamba duka la dawa hukuuliza maswali ukinunua tembe kali, ilhali dukani sumu hatari zaidi imepangwa karibu na chakula, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, na hakuna anayekuuliza lolote. Alitaja hata karatasi za kutandika kwenye kabati la vyombo zilizotiwa sumu ya wadudu.

Tena alilitilia shaka jina lenyewe, dawa ya wadudu, kwa sababu kinachoua mdudu hakijui kuchagua. Sisi wa Kiswahili tuna shida hiyo mara mbili. Dawa ni ya malaria, dawa ni ya mende. Ulimi unatudanganya kwamba zote zinatibu.

Akiwa katikati ya kazi hiyo, mwaka 1960, alifanyiwa upasuaji wa titi. Daktari hakumwambia ukweli kwamba ilikuwa saratani. Aligundua miezi kadhaa baadaye, ikiwa tayari imesambaa. Fikiria: mtu anaandika kitabu kuhusu haki ya watu kujua kilichomo miilini mwao, na yeye mwenyewe amefichwa kilichomo mwilini mwake.

Aliendelea kuandika. Akavaa wigi, akaficha ugonjwa, kwani alijua maadui wangesema ameandika kwa uchungu wake na si kwa ushahidi. Na nyumbani alikuwa akimlea mvulana mdogo, mtoto wa mpwa wake aliyefariki.

'Silent Spring' kilitoka Septemba 1962. Jina hilo linamaanisha majira ya machipuko yaliyo kimya, ambapo ndege hawaimbi tena kwa sababu wamekufa. Kampuni za kemikali ziliwaka moto. Moja ilitishia kwenda mahakamani. Monsanto ilichapisha makala ya kumkejeli. Wengine walimshambulia kwa kuwa mwanamke asiye na mume. Rais John F. Kennedy akaagiza wataalamu wachunguze, na Mei 1963 ripoti yao iliunga mkono sehemu kubwa ya aliyoyasema. Mwezi uliofuata akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, mgonjwa lakini mtulivu.

Aprili 14, 1964, alifariki akiwa na umri wa miaka 56.

Marekani ilipiga DDT marufuku mwaka 1972. Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa hilo, alikuwa amebaki jozi 417 tu za kutaga katika majimbo 48 mwaka 1963, kwa kuwa sumu hiyo ililainisha maganda ya mayai. Mwaka 2007 aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Kuna wanaomlaumu hadi leo, eti alisababisha vifo vya malaria Afrika. Si kweli. Hakutaka kila dawa ipigwe marufuku. Alionya kwamba ukiimwaga ovyo, mbu watazoea na siku utakayoihitaji haitafanya kazi. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioandaliwa chini ya UNEP, shirika lenye makao yake Gigiri, Nairobi, bado unaruhusu DDT kwa kupambana na mbu wa malaria.

Na kuna uzi mwingine unaofika kwetu. Miaka miwili baada ya Carson kuaga, Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamili katika bayolojia mjini Pittsburgh, mji ule ule.

Sasa rudi kwenye kichupa chako. Hakuna anayekuambia uishi na kunguni. Lakini nunua dawa yenye lebo na nambari ya usajili ya bodi ya PCPB, uisome, ufungue madirisha. Usiweke parafini wala sumu kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui tofauti. Usichanganye Jik na asidi ya choo, maana hewa inayotoka inachoma mapafu. Na mchuuzi akipita kesho, muulize kilichomo ndani. Akishindwa kukujibu, usitie mkono mfukoni.