Alexander Fleming: daktari aliyegundua askari wa machozi

Mama, mlezi, ukiwasha kuni asubuhi ya baridi hapa Njombe au Makambako, moshi ukakuingia machoni, machozi hutiririka. Unayafuta na kuendelea na kazi. Lakini machozi hayo yana protini zinazolinda jicho, na mojawapo iligunduliwa na Alexander Fleming, daktari anayejulikana zaidi kwa penisilini.

Mtoto wa shambani

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 kwenye shamba la mifugo huko Scotland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7, mama akabaki na shamba na watoto. Inasimuliwa kwamba siku za baridi kali mama huyo aliwapa watoto viazi vya moto wapashe mikono wakienda shule, kisha wavile wakifika. Baadaye Fleming alihamia London, akafanya kazi ya ukarani, ndipo akasomea udaktari. Alihitimu mwaka 1906.

Vidonda vya vita

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alihudumia majeruhi Ufaransa. Huko alionyesha kwamba dawa kali za kuua vijidudu, zikimiminwa kwenye kidonda kirefu, ziliharibu chembe za kinga za mgonjwa kuliko zilivyoua bakteria. Tangu hapo alitaka kujua mwili unajilinda vipi wenyewe.

Kamasi, ndimu na machozi

Mwaka 1921, akiwa na mafua, aliweka kamasi lake kwenye sahani ya kuoteshea bakteria. Bakteria waliokuwa karibu na kamasi waliyeyuka. Akajaribu machozi, nayo yakafanya vivyo hivyo. Ili apate machozi ya kutosha alitumia maganda ya ndimu kuwatoa machozi wenzake maabara. Protini hiyo ikaitwa lisozaimu. Aliikuta pia kwenye ute wa yai. Wenzake hawakushtuka sana, kwa kuwa iliua zaidi bakteria wasio na madhara makubwa. Mwaka 1928 akagundua penisilini, na mwaka 1945 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wawili. Alifariki mwaka 1955.

Hii inakuhusu vipi?

Kwa watu wengi wenye ugonjwa wa macho makavu, lisozaimu na protini nyingine ya kinga, laktoferini, hupungua kwenye machozi. Protini zinazoambatana na uvimbe huongezeka. Macho huwasha, huwa mekundu, huhisi kama yana mchanga. Mengine hutoa machozi mengi, lakini machozi hayo hayalindi jicho vizuri.

Kwa hiyo:

- Pika penye hewa, na umweke mtoto mbali na moshi.
- Usitie jichoni ndimu, majani, sukari wala dawa ya jirani. Kumbuka vile vidonda vya vita: kitu kikali huharibu kinga yako mwenyewe.
- Maziwa ya mama nayo yana lisozaimu, lakini kazi yake ni kunyonywa. Usiyatie jichoni, yanaweza kubeba vijidudu na kukuchelewesha kupata tiba.
- Usinunue dawa ya matone dukani kabla jicho halijapimwa.
- Ukavu wa macho kwa mtoto unaweza kutokana na upungufu wa vitamini A. Mpe mboga za majani, karoti, viazi lishe, mayai. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.

Wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona mtoto anajikwaa jioni kwa kutoona, jicho limepoteza mng'ao, lina doa jeupe, haliwezi kutazama mwanga, au kichanga anatoa usaha machoni. Usisubiri siku ya kliniki. Mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona ndani ya siku chache, na akiwahishwa mara nyingi macho yake huokolewa.