Kaaden, Fundi Aliyeibiwa Siri ya Bomba

Ukikutana na pikipiki ya zamani ya mbio, hebu angalia ekzosi yake. Inaanza nyembamba, inafura tumbo kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha inabana tena mkiani. Hiyo si urembo. Jamaa aliyeigeuza shepu hiyo kuwa sayansi ni Mjerumani Walter Kaaden, aliyezaliwa 1919 huko Saxony.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mhandisi katika kampuni ya ndege ya Henschel. Mwaka wa 1953 akachukuliwa na kiwanda cha pikipiki cha Zschopau, Ujerumani Mashariki, ambacho baadaye kiliitwa MZ. Pesa zilikuwa haba, vipuri navyo ni vya kutafuta kwa tochi.

Alichokuwa nacho ni kichwa. Kwenye injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili na petroli, tundu la moshi likifunguka mshindo hukimbia ndani ya bomba. Ukifika pale bomba linapopanuka, unarudisha mvuto unaonyonya moshi wote nje. Shida ni kwamba petroli mbichi nayo hutoroka. Lakini mshindo ukigonga pale bomba linapobana, unarudi na kuisukuma ndani kabla tundu halijazibwa, kama makanga anayewasukuma abiria ndani ya mathree mlango ukifungwa.

Kaaden aliyasoma mawimbi hayo kwa oskiloskopu, akibadilisha bomba mpaka yarudi kwa wakati. Ndiyo maana ekzosi ya aina hii ikibonyea, au ikivuja pale inaposhikana na injini, nguvu inaisha hata kama pistoni ni mpya. Na nyinyi mnaoikata ndio ipige kelele, kelele mtapata, mbio mtasahau.

Kufikia 1961, injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Hiyo ni 200 kwa kila lita, bila turbo. Dereva wake, Ernst Degner, alikuwa akiongoza ubingwa wa dunia.

Halafu mambo yakaharibika. Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa Agosti. Mwezi uliofuata, kwenye mbio za Uswidi, injini ya Degner ikakufa njiani, naye akatoroka. Mke na watoto wake walikuwa wameshavushwa hadi Ujerumani Magharibi wakiwa wamefichwa ndani ya buti ya gari. Siri za Kaaden akazipeleka Suzuki. Ubingwa ukaenda kwa Tom Phillis wa Honda, na 1962 Degner akaipa Suzuki taji lake la kwanza la dunia, la cc 50.

Mimi kumhukumu Degner siwezi. Ukuta ule haukuwa mchezo. Lakini aliyelipa ni Kaaden. Alibaki palepale MZ na bajeti yake ndogo, akiangalia Wajapani wakikimbia na mabomba yenye tumbo. Alifariki Machi 1996. Mwaka huo, hata mbio kubwa za cc 500 bado zilikuwa za injini za mipigo miwili.