Sayyida Salme: picha na kalamu

Wasomaji wengi wa pwani wameiona picha ya Sayyida Salme binti Said, amevaa mavazi na vito vya bibi wa jumba la kifalme la Unguja. Lakini picha hiyo haikupigwa Unguja. Ilipigwa Hamburg, Ujerumani, naye wakati huo akiitwa Emily Ruete.

Hapa Eldoret nimewasikia watu wa kwetu wakibishana juu yake. Mmoja humsikitikia, mwingine humlaumu kwa kuiacha dini ya wazee wake. Mimi naona taabu zake zilianza na kitu kisichoonekana pichani, nacho ni kalamu.

Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, na mama yake Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Sayyid Majid, Salme, msichana wa miaka 15 hivi, ndiye aliyeandika barua za njama. Njama ikavunjika. Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ndugu waliofarakana, mama naye hayupo tena.

Katika upweke huo akajuana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa na kuolewa.

Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Alipofika Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, hakumpokea. Ni yule yule aliyekuwa akimwandikia barua! Mwaka 1886 Salme akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake.

Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Unguja aliouhifadhi.

Hukumu yake iko kwa Mola. Lakini tukitaka kujua leo walivyoishi akina mama ndani ya jumba la Mtoni, twategemea kalamu ya binti ambaye hakufundishwa kuandika.