Alfred Wegener

Alfred Lothar Wegener (Berlin, 1 Novemba 1880 – Greenland, Novemba 1930) alikuwa mwanasayansi kutoka Ujerumani aliyechunguza hali ya hewa na barafu. Anajulikana hasa kwa nadharia yake kwamba mabara huhama. Pamoja na hayo alieleza jinsi barafu inavyokua mawinguni, na alihusisha aina moja ya barafu na kuvu.

Maisha

Mwaka 1905 alipata shahada ya uzamivu katika elimu ya nyota mjini Berlin, kisha akageukia elimu ya hali ya hewa. Aprili 1906 yeye na kaka yake Kurt walikaa angani ndani ya puto kwa zaidi ya saa 52, jambo lililokuwa rekodi ya dunia. Mwaka huohuo alijiunga na msafara wa Wadenmark kwenda Greenland, akabaki huko hadi 1908. Baadaye alifundisha mjini Marburg.

Mwaka 1913 alimwoa Else, binti wa mtaalamu wa tabianchi Wladimir Köppen. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijeruhiwa mara mbili. Tangu 1924 alikuwa profesa mjini Graz, Austria.

Barafu mawinguni

Katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu angahewa, Wegener alieleza kwamba matone ya maji yanaweza kubaki majimaji hata chini ya nyuzi 0 za selsiasi. Fuwele za barafu zikiwepo kati yake, hukua kwa kuchukua mvuke, nayo matone hukauka. Katika miaka ya 1930 Tor Bergeron wa Uswidi na Walter Findeisen wa Ujerumani waliliendeleza wazo hilo. Leo mchakato huo huitwa kwa majina ya wote watatu. Hata hivyo, mawingu yenye joto hunyesha mvua bila barafu.

Lilibaki swali la fuwele ya kwanza. Tone la maji safi linaweza kukaa bila kuganda hadi karibu nyuzi 38 chini ya 0. Ili ligande mapema, linahitaji chembe ya kuanzia, kama vile vumbi, bakteria au kuvu.

Kuvu na barafu

Mwaka 1918 Wegener aliandika kuhusu barafu nyembamba kama nywele inayoota kwenye miti mikavu iliyolowa. Alidhani inasababishwa na kuvu iliyomo ndani ya mti. Mwaka 2015 watafiti walithibitisha hilo na kuitaja kuvu yenyewe: Exidiopsis effusa.

Kuhusu mawingu, spora za aina nyingi za kuvu zilizopimwa hazianzishi barafu kwa urahisi. Lakini baadhi ya kuvu za jenasi Fusarium hugandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya 0. Kiasi cha mchango wao angani bado kinachunguzwa.

Kifo

Mwaka 1930 Wegener aliongoza msafara mwingine Greenland. Alipeleka mahitaji kwa sleji za mbwa hadi kituo cha Eismitte, takriban km 400 kutoka pwani, katika baridi kali mno. Tarehe 1 Novemba, siku alipotimiza miaka 50, aliondoka kurudi pwani pamoja na Rasmus Villumsen, mwenyeji wa Greenland. Wote wawili walifariki njiani. Mwili wa Wegener ulipatikana Mei 1931. Wa Villumsen haukupatikana kamwe.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Hata karibu na ikweta, hewa iliyo juu ya takriban mita 5,000 huwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo mawingu marefu ya radi huwa na barafu. Huko Kericho, Kenya, ambako mvua ya mawe huharibu chai mara nyingi, utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba majani makavu ya chai yaliyoanguka chini hutoa chembe zinazoanzisha barafu.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nazo ni nyanda za juu zenye migomba na kahawa. Mnyauko wa kahawa, uliotambuliwa Kagera mwaka 1997, husababishwa na Fusarium xylarioides. Hiyo haimaanishi kwamba kuvu hiyo huleta mvua ya mawe, kwa kuwa si kila Fusarium huanzisha barafu. Jibu litatokana na kupima hewa na mvua ya mahali penyewe.