Bengel: Msomi aliyeichunguza Biblia bila kuipa kisogo imani

Johann Albrecht Bengel alizaliwa mwaka wa 1687 mjini Winnenden, Ujerumani. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Tübingen mnamo 1703, aliamini kwamba Maandiko yote yamevuviwa na Mungu. Hata hivyo, alifadhaika alipogundua kuwa nakala za kale za Agano Jipya la Kigiriki hazikuafikiana. Mnamo 1707 John Mill wa Uingereza alichapisha tofauti zipatazo 30,000.

Wapo waliozifumbia macho tofauti hizo, na wapo waliozishangilia wakidai Biblia haiaminiki. Bengel alikataa njia zote mbili. Akiwa mwalimu huko Denkendorf, alizilinganisha nakala kwa miaka mingi na kuzigawa katika jamii kulingana na asili yake. Aidha, aliweka kanuni kwamba neno gumu lipewe uzito kuliko jepesi, kwa kuwa mnakili huelekea kurahisisha yanayomtatiza.

Agano Jipya lake lilitoka mnamo 1734, tofauti hizo zikiwa zimepangwa kwa madaraja matano. Wapo waliomshutumu kwa kulichezea Neno. Yeye alishikilia kuwa hakuna fundisho la imani lililotikiswa: kalamu ya mnakili ikiteleza, ujumbe haufi.

Kasoro yake ilikuwa kwingine. Alikokotoa kwamba utawala wa miaka elfu ungeanza mwaka wa 1836, nao ukapita kimya.

Alifariki mnamo 1752. Miaka mitatu baadaye, John Wesley, mwasisi wa Umethodisti, alitoa maelezo yake ya Agano Jipya akitegemea pakubwa ufafanuzi wa Bengel.