Joule na Fyuzi ya Ikola

Kwetu Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, amplifaya ni mgeni wa heshima: inakaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Fyuzi ikiungua, kijana anachomoa uzi wa waya wa shaba, anauzungushia pale, muziki unaendelea. Aliyetupa hesabu ya hatari hiyo alifariki mwaka 1889. Ni James Prescott Joule.

Alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1818, mtoto wa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Chuo kikuu hakusoma. Alifundishwa nyumbani, kisha na John Dalton, yule wa nadharia ya atomu tuliyoikariri sekondari. Majaribio yake aliyafanya pembeni ya shughuli za kiwanda. Mwaka 1840, akiwa na miaka 21 (mimi nina 22, na sijagundua kitu!), alitumbukiza waya uliosokotwa kwenye maji, akapitisha umeme wa betri, akawa anasoma kipimajoto. Akaona kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa.

Hapo ndipo mtaani tunapochemka. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uyeyuke wa kwanza. Ukiweka shaba nene, yenyewe haiyeyuki ng'o. Kinachoungua ni transfoma, transista, au nyaya zinazopita chini ya paa lako. Nacho kitambaa? Yale mapezi ya aluminiamu yapo ili hewa ichukue joto la transista. Ukiyafunika, joto linabaki humo humo, hasa usiku wa harusi sauti ikiwa juu kabisa. Mwezi ujao naenda mafunzo kwa vitendo, na somo la umeme nitalianzia kwenye kitambaa hicho, siyo kwenye fomula.

Joule mwenyewe hakupokelewa kirahisi. Royal Society ya London ilichapisha muhtasari tu wa andiko lake la 1840. Uanachama alikuja kuupata mwaka 1850. Katikati hapo alikuwa anakoroga maji kwa mapangaboi yanayozungushwa na mizigo inayoshuka, akitafuta ni kazi kiasi gani inazaa joto kiasi gani. Kipimo cha nishati kikapewa jina lake. Kwenye kaburi lake, mjini Sale, imechongwa namba aliyoipata katika majaribio hayo mwaka 1878: 772.55.